Jicho Lipi, Baba?

Shehena ya vioo ililetwa asubuhi, na kabla jua halijafika utosini fundi alikuwa ameshairudisha yote.

"Vina ukungu," alimwambia dereva wa lori. "Mimi sinunui vioo vilivyofukizwa moshi. Mwambie tajiri wako awauzie vipofu."

Dereva akasimamisha kipande kimoja mbele ya uso wake, akatazama barabara kupitia hicho kioo, akakishusha, akakiinua tena. Halafu akamgeukia seremala, aliyekuwa upande wa pili wa karakana akipiga randa, kama mtu anayetafuta shahidi. Seremala akapandisha mabega. Ugomvi wa fundi na mwenye mali hauingiliwi. Vioo vikapakiwa upya, kimoja kimoja, magazeti katikati, na lori likaondoka.

Lilipokwisha kupinda kona, seremala akaweka randa chini.

"Fundi."

"Sema."

"Vile vioo vilikuwa safi kama maji ya kunywa."

"Wewe macho yako ni ya mbao. Kioo umekijulia wapi?"

"Ya mbao, sawa. Lakini yule dereva alipokishika, nimemwona kupitia kioo mpaka jino lake bovu. Wewe uliona nini?"

Fundi alichukua kitambaa, akaanza kufuta dirisha la karakana, lile alilolikata na kulipachika mwenyewe siku walipohamia pale. Akafuta ndani. Akazunguka, akafuta nje. Akalipulizia pumzi, akalifuta tena mpaka kioo kikalia kwi kwi. Ukungu ulikuwa palepale. Akasogea kushoto, ukungu ukasogea naye. Akarudi kulia, nao huo, ukarudi. Hapo moyo ukampiga paa! Maana hata mtoto mchanga anajua kwamba uchafu wa dirisha haumfuati mtu.

Mwingine angesema, basi, nina tatizo la macho, nikatafute miwani. Lakini huyu hakuwa na macho. Alikuwa na jicho. La kushoto lilikufa akiwa bado anajifunza kazi, siku kibanzi cha kioo kiliporuka kutoka kwenye meza ya bwana wake kikamwingia. Lilibaki mahali pake, jeupe kama yai lililomenywa, halioni kitu, halilii, halisemi. Kazi yote ya kuiona dunia ilibebwa na la kulia peke yake, tangu ujana mpaka mvi.

Jina lake la mtaani lilikuwa Kengeza, na jina hilo alipewa na mkewe. Siku alipokwenda kuposa, shangazi za binti walimchungulia mlangoni wakarudi chumbani mbio: "Mwenzetu, huyo bwana ana chongo!" Binti akawajibu bila kusita, "Chongo wapi? Kengeza tu ile." Nyumba nzima ikaanguka kicheko, kwa sababu kila mtu anaujua ule msemo, kwamba ukipenda, chongo huita kengeza. Binti alikuwa ameshajianika mwenyewe. Tangu siku hiyo mkewe akawa anamwita Kengeza, na mtaa ukadakia, na yeye akalivaa jina kama mtu anavyovaa saa ya thamani.

Basi Kengeza alikwenda nyumbani mapema siku ile, akakaa jikoni, akamwambia mkewe, "Mama watoto, nadhani jicho linaniacha."

Mkewe alikuwa anamenya viazi. Kisu hakikusimama.

"Najua."

"Unajua nini?"

"Juzi umenisifia gauni la kijivu. Ni la buluu. Umeniuliza kwa nini vikombe vyangu vyote vina rangi ya chai hata vikiwa vitupu. Na mita yako ya kupimia vioo siku hizi unamsomesha mteja. 'Hebu nisomee hapo, miwani nimeisahau.' Miwani gani? Lini ulikuwa na miwani?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini, Kengeza? Kwamba taa inazimika, na wewe bado unaisomea?"

Ndivyo alivyokuwa mkewe. Ulimi wake ulikuwa mwepesi kwa mambo yote madogo, lakini jambo likiwa kubwa alilimeza mzima, likakaa tumboni.

Aliyelitaja jina la ugonjwa ni seremala. Akamshika kidevu Kengeza pale karakanani, akamgeuzia kwenye mwanga kama ubao anaoupima kama umepinda.

"Ahaa. Huyo ni mtoto wa jicho. Mjomba wangu alikuwa naye. Anakaa pale katikati, kama maziwa kwenye maji."

"Anatolewa?"

"Anatolewa, ila sharti akomae. Ukimtoa mchanga umeharibu, kama kuchuma tunda bichi. Mwache akue kwanza."

Hakuna dawa inayomfaa mwoga kama subira yenye sababu. Kengeza aliyashika maneno hayo kwa mikono miwili. Haogopi, la, hasha. Anangoja mtoto akomae. Msimu ukapita, ukaja mwingine, na pale karakanani mtoto akawa mzaha wa kila asubuhi.

"Fundi, mtoto hajambo?"

"Anakua."

"Ameota meno?"

"Ameanza kutambaa. Jana kanitambalia mpaka kwenye ngazi, nusura tuanguke wote wawili."

Walicheka, lakini kicheko cha Kengeza kilikuwa kifupi. Kazi alikuwa akiifanya kwa sikio. Almasi, ndivyo mafundi wanavyokiita kisu cha kioo, hata kile ambacho ncha yake ni kigurudumu cha chuma tu, ina sauti yake ikikata vizuri: inalia kama hariri inayochanwa polepole. Ikikwaruza kama mchanga, ujue umekosea. Sikio lilimtosha kukata. Halikumtosha kupima. Siku moja kwenye mita aliisoma nane kuwa tatu, akakata kioo cha dirisha la mama mmoja mjane, akakibeba mpaka kwake, akakipachika, na kabla hajachukua nyundo kioo kikatumbukia ndani ya nyumba kama barua inavyotumbukia sandukuni. Kikavunjika sakafuni. Yule mama hakumlaumu. Alikwenda kuchukua ufagio, akafagia vipande vyote, halafu akamshika Kengeza mkono, akamwongoza mpaka nje ya mlango, akimwonyesha kizingiti asijikwae. Huo mkono ndio uliomuuma. Angetukanwa ingekuwa nafuu.

Habari ikamfikia binti yake, ambaye ni mwalimu wa watoto wadogo, na ana ile tabia ya walimu ya kuuliza swali huku mlango keshaufunga.

"Baba, huyo mtoto unamsubiri mpaka lini? Amalize chuo?"

"Lazima akomae, mwanangu."

"Nani kakwambia?"

"Watu wenye uzoefu."

"Seremala."

"Mjomba wake—"

"Baba, seremala akiumwa jino anakuja kukuuliza wewe? Kesho tunakwenda kwa daktari wa macho."

Kesho yake wakaenda watatu, pamoja na mkewe. Daktari alikuwa mwanamke mwenye mikono midogo, mdogo kwa umri kuliko binti yake, na hilo nalo Kengeza hakulipenda. Aliwekwa kidevu kwenye chuma, akaambiwa atazame mbele, mwanga ukamwingia jichoni kama sindano isiyo na maumivu. Daktari akatazama la kulia kwa muda mrefu. Akatazama la kushoto kwa muda mfupi.

"Hili la kushoto limekwisha siku nyingi, baba. Halina la kufanywa. La kulia lina mtoto wa jicho. Nyuma yake jicho linaonekana zima."

"Nami nangoja akomae," Kengeza akasema haraka.

"Zamani tulikuwa tunangoja. Siku hizi hatungoji. Akikomaa sana anakuwa mgumu, na kumtoa ndiko kunakuwa na kazi na hatari zaidi. Wako tayari ameanza ugumu."

Kengeza akahisi kama mtu aliyeegemea ukuta, ukuta ukaondoka. Misimu yote ile alidhani anaweka akiba, kumbe alikuwa anaila. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wahenga walisema, lakini hawakutaja macho.

"Utanifanyaje?"

"Nitapasua mlango mdogo sana pembeni mwa jicho. Nitatoa ile lenzi iliyoingia ukungu, nitaweka nyingine, safi. Utakuwa macho, utanisikia, ila hutasikia maumivu. Wengi sana wanaona vizuri baada ya hapo. Mmojammoja anapata tatizo. Damu, au usaha, au jicho kukataa."

"Na huyo mmojammoja," akauliza Kengeza, "kwa kawaida ana macho mangapi?"

Binti yake akakohoa. Daktari hakucheka wala hakukasirika.

"Nakuelewa, baba. Ndiyo maana sitakusukuma."

"Mimi ni fundi vioo, daktari. Kioo ukishakipitishia almasi hakuna kurudi nyuma. Kwa hiyo nakuuliza kama fundi anavyomuuliza fundi. Umewahi kuharibu?"

Mkewe akamvuta shati. Daktari akashusha kalamu yake.

"Nimewahi," akasema.

Nje kwenye korido kitoroli kilipita na gurudumu lake moja likilia.

Njiani kurudi mkewe alikuwa mkali. "Umemuuliza la nini swali lile? Umepata faida gani?"

"Angesema hajawahi ningejua ni mwongo."

"Sasa kasema amewahi. Umefurahi?"

"Hapana," alikiri Kengeza. "Sasa naogopa maradufu. Lakini angalau namwogopa mtu mkweli."

Binti yake alimpa baba yake siku chache za kufikiri, kisha akaenda kuomba tarehe ya upasuaji. Siku hizo chache Kengeza alizipitisha vibaya. Akila, chakula kilimgeuka udongo. Akiwa karakanani alisahau anachokata. Aliyahesabu aliyonayo: mwanga wa mlangoni anauona. Sura ya mtu akiwa karibu anaijua, kama si kwa pua basi kwa kipara. Kazi, kwa kubahatisha. Si haba. Nusu shari kuliko shari kamili. Halafu anakumbuka ule mkono wa mama mjane, na hesabu inaharibika.

Mchana mmoja, nyumba ikiwa tupu, alichukua kitambaa cha kufutia vioo akajifunga machoni, akakaza fundo kisogoni. Alitaka kujua. Kama lile giza linamngoja, basi akalione kwanza linafananaje, kama mtu anavyokwenda kukagua nyumba kabla ya kuhamia. Akainuka. Kiti akakipata kwa goti. Mlango akaupata kwa paji la uso. Alifika jikoni kwa kupapasa ukuta, akalipata birika, akalipata bomba, akajaza maji mpaka yakamwagikia mkononi, na akaanza kujisikia shujaa. Kiberiti hakukipata. Alipapasa rafu yote, akaangusha kitu kilichobiringika na kuendelea kubiringika, kisha kikanyamaza mahali ambapo hakuweza kukisia. Akapiga magoti. Akatafuta chini ya meza, kwa viganja, kama anayeswaga kuku. Jasho likamtoka. Alisahau kabisa kwamba kitambaa ni chake na fundo ni lake; aliona kweli ameshakuwa kipofu, na pumzi zikaanza kumjia fupi fupi.

Halafu akasikia harufu ya sabuni.

"Umekuja lini?" akauliza, akiwa bado chini.

"Sasa hivi," mkewe akajibu kutoka mlangoni.

Ulikuwa uongo. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama kwa kitambo. Kengeza akafungua kitambaa. Mkewe alikuwa pale, umbo la kijivu kwenye mwanga wa manjano, ameweka mkono mdomoni.

"Niambie nifanyeje," Kengeza akasema.

"Usiniulize."

"Nikuulize nani basi? Seremala?"

"Nikikwambia nenda, ukaenda ukapofuka, utakuwa unanilaumu kila nikikushika mkono. Nikikwambia kaa, ukakaa ukapofuka, utanilaumu vilevile. Sitii mkono kwenye jambo hili. Jicho ni lako."

"Na mume?"

"Mume ni wangu," akasema, "ndiyo maana sisemi." Akaingia, akaokota kopo la kahawa kutoka nyuma ya mlango, akaliweka juu ya rafu, akaanza kufuta maji.

Basi siku ya tarehe Kengeza alikwenda hospitali bila kuwa ameamua chochote. Binti alisema "twende," naye mguu ukafuata, kama mbuzi anavyoifuata kamba. Lakini binti alikuwa na darasa, akawafikisha mpaka getini, akambusu baba yake shavuni na kukimbia. Wakabaki wawili.

Kwenye korido ya chumba cha upasuaji kulikuwa na benchi refu la wagonjwa, wote wamevishwa magauni ya kijani yanayofungwa mgongoni kwa vikamba, wanaume kwa wanawake, kama kwaya isiyo na nyimbo. Ndugu walikaa benchi la mkabala. Kando ya Kengeza kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa dereva wa malori siku zake, sauti yake nene, ambaye woga ulikuwa umemfanya aongee bila breki.

"Mimi la kulia," alimwambia Kengeza bila kuulizwa. "La kushoto walinifanya mwaka jana, na sasa naona mpaka mawazo ya mke wangu. Sina wasiwasi hata kidogo. Wewe una wasiwasi? Mimi sina. Choo kiko wapi?"

Muuguzi akaja na kalamu ya wino mzito, akipita mbele ya kila mgonjwa. Kazi yake ilikuwa kuchora mshale juu ya nyusi, unaoonyesha jicho la kupasuliwa, ili kule ndani kusiwe na makosa. Alikuwa msichana mchapakazi, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajakaa tangu alfajiri. Mikononi alikuwa na mafaili, kwapani ana mengine.

"Jicho lipi, baba?" alimuuliza Kengeza. Lakini hapo hapo akamtazama, na nani angemlaumu? Mbele yake kulikuwa na uso wenye jicho moja la kawaida, lenye wingu kidogo tu, na jingine jeupe kama yai. "La kushoto hili, ee?"

Kengeza akafungua mdomo.

"Mmh," akasema.

Haikuwa ndiyo wala haikuwa hapana. Ilikuwa sauti tu, ya mtu anayesafisha koo. Kalamu ikapita juu ya nyusi yake ya kushoto, baridi, ikikwaruza. Muuguzi akamwambia asiguse, akahamia kwa dereva wa malori.

Mwanzoni Kengeza hakuelewa alichokifanya. Kisha akaelewa, na raha ikammiminikia kutoka utosini kama maji ya moto siku ya baridi. Watapasua jicho lililokufa. Maiti haina cha kupoteza. Watalifunga bandeji, atarudi nyumbani, binti yake atampikia mchuzi, seremala atamletea machungwa, na baada ya wiki watasema, masikini, haikusaidia, lakini mzee alijitahidi. Hakuna atakayesema alikimbia. Na lile la kulia litabaki na mwanga wake wa manjano, na mlango wake anaouona, na sura zake za karibu. Daktari je? Daktari ana benchi zima la watu. Naye ataufuata mshale; mishale si ndiyo kazi yake kufuatwa?

Alikuwa ameshafika mbali kwenye mchuzi huo alipokumbuka kwamba mkewe ameketi mkabala naye, magoti yao karibu kugusana, na yeye macho yake ni mazima.

"Mama watoto," akaita kwa sauti ya chini.

"Ee."

"Umeuona mshale?"

"Nimeuona."

"Uko wapi?"

"Uko ulipo."

"Mbona hukusema kitu?"

"Na wewe mbona hukusema kitu?"

Wakainamisha vichwa wote wawili kama watoto walioiba sukari. Dereva wa malori alikuwa anamwambia mgonjwa wa pili kwamba yeye hana wasiwasi.

"Nilisema moyoni," mkewe akanong'ona, "kama muuguzi kakosea mwenyewe, bila mimi, bila wewe, basi labda Mungu keshaamua."

"Mungu hashiki kalamu ya wino, mama."

"Wewe umejuaje anashika nini?"

Sauti yake ilikuwa na kitu ndani. Kengeza akainama mbele. Mabega ya mkewe yalikuwa yanatikisika, hilo aliliona. Uso wake ulikuwa doa la kahawia lenye kingo zilizochujuka. Alisogeza kichwa zaidi. Akageuza jicho upande, akapata mahali ambapo ukungu ni mwepesi kidogo, akatafuta mdomo, akatafuta macho. Hakupata. Mtu aliyemjua kuliko mtu yeyote duniani, umbali wa mkono mmoja, mchana mweupe.

"Unacheka au unalia?" akamuuliza.

"Kwani huoni?"

Hakuwa amemaanisha kumchoma. Lilimtoka tu. Lakini Kengeza alilipokea neno lile kifuani, na ile raha yote ya maji ya moto ikapoa papo hapo. Aliona alichokuwa anakilinda. Alikuwa amekaa pale na gauni la kijani, anataka kupasuliwa bure, ili aendelee kutomjua mkewe kama anacheka au analia, na kila mwezi atajua kidogo kuliko mwezi uliopita, mpaka aache kuuliza. Lile giza alilolikagua jikoni kwa kitambaa lilikuwa njiani kumfuata vyovyote vile, kwa miguu ya mtoto huyo huyo aliyekuwa anamlea. Tofauti ilikuwa moja tu: akingoja, litamkuta kwa hakika. Akiingia mle ndani, huenda lisimkute.

Hakuwa shujaa hata chembe. Akaikalia mikono yake.

"Dada!" akaita. "Muuguzi! Umekosea jicho."

Korido yote ikageuka. Muuguzi akarudi mbio, mafaili yakimteleza, akafungua moja, akasoma, na rangi ikamtoka usoni. Hata Kengeza aliisikia ikimtoka, kwa jinsi alivyovuta pumzi.

"Yesu wangu. Imeandikwa kulia. Baba, nimekuuliza! Mbona ulinyamaza?"

"Niliogopa," Kengeza akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo na mtu wa nje ya nyumba yake akilisikia. Alidhani litakuwa kubwa. Lilikuwa dogo tu, likapita.

"Nisamehe, baba," muuguzi akasema, akiyakumbatia mafaili yake kifuani. "Ningemwambia nini daktari? Ningekuambia nini wewe?"

"Tumekosea wote, mwanangu. Futa."

Akafuta kwa pamba na spiriti, akasugua mpaka ngozi ikawaka, lakini wino wa siku hizi ni king'ang'anizi, ukabaki kivuli. Akachora mshale mpya juu ya jicho la kulia, safari hii akisema kwa sauti, "Kulia, kulia, kulia," kama anayehesabu kura.

"Sasa nimekuwa njia panda," Kengeza akamwambia mkewe.

Mkewe akapiga kofi kwa kicheko, na papo hapo akashika uso kwa viganja viwili. Hakusema nenda. Hakusema kaa. Aliinuka, akaja upande wake, akamfunga vizuri vikamba vya gauni mgongoni, vilivyokuwa vimelegea, kwa fundo la nguvu kabisa, la mtu anayefunga mzigo wa safari ndefu.

Wakamwita.

Ndani kulikuwa na baridi na vitanda viwili sambamba. Alilazwa kimoja, cha pili akalazwa dereva wa malori, ambaye alikuwa bado anaeleza. Taa kubwa ilikuwa juu, na kwake yeye ilikuwa jua lililoyeyuka, halina mviringo. Mtu akampima shinikizo la damu, akasema liko juu kidogo, akamwambia apumue polepole. Akajaribu. Pumzi haikutii. Akasikia viatu vya mpira vikija, na mikono midogo, yenye glavu, ikagusa paji lake.

"Habari yako, baba fundi. Naona mishale miwili hapa."

"Mmoja ni wa zamani," Kengeza akasema. Mdomo ulikuwa mkavu kama maranda.

"Nimeambiwa. Lakini mimi kabla sijamgusa mtu namuuliza mwenyewe, na jibu lako ndilo nitakalolifuata. Huu hapa umefutika nusu, huu hapa mpya. Ukitaka tusimame, tunasimama, hakuna atakayekucheka. Jicho lipi, baba?"

Kwa mara nyingine mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu, kushoto, au hata kimya, na angekuwa nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Aliutazama ule mwanga ulioyeyuka, mwanga wa mwisho anaoujua kwa hakika kwamba ni wake.

"La kulia," akasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, ikagonga kuta.

"Na mimi la kulia!" akajibu dereva wa malori kutoka kitanda cha pili.

"Wewe ngoja zamu yako, mzee," daktari akasema, na mtu mmoja nyuma akacheka.

Kitambaa chenye tundu kikashuka usoni mwa Kengeza. Akafungua jicho kadiri alivyoweza, akalishikilia hivyo hivyo wazi, bila kupepesa.